Usingizi na maumivu ya misuli

Usingizi na maumivu ya misuli huathiriana: maumivu huharibu usingizi, na usingizi mbovu huzidisha maumivu. Katika tafiti za muda mrefu, usingizi mbovu umeonekana kutangulia maumivu kwa uzito zaidi kuliko maumivu yanavyotangulia kukosa usingizi.

Kazi ya usingizi mzito

Mtu mzima hulala kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, yenye usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto. Usingizi mzito, ambapo mawimbi ya umeme ya ubongo huenda polepole, huja zaidi saa za mwanzo za usiku. Wakati huo tezi ya pituitari hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, inayosaidia tishu kujijenga upya. Hivyo mtu anaweza kukaa kitandani saa nane na bado akaamka amechoka, mwili ukimuuma, ikiwa usingizi wake ulikatikakatika.

Jaribio la Toronto

Mwaka 1975 daktari Harvey Moldofsky wa Toronto, Kanada, na wenzake walichunguza wagonjwa wa maradhi ambayo leo huitwa fibromialgia, yaani maumivu ya kudumu yanayoenea mwilini pasipo jeraha. Katika usingizi mzito wa wagonjwa hao walikuta mawimbi ya kasi ambayo kwa kawaida huonekana mtu akiwa macho ametulia. Kisha wakawalaza maabara vijana wachache wenye afya njema, wamebandikwa nyaya za kupima mawimbi ya ubongo kichwani. Kila usingizi mzito ulipoanza, ilipigwa sauti ya kuwarudisha kwenye usingizi mwepesi. Baada ya usiku 3, vijana hao walilalamika kuumwa na kukaza misuli, na walipobonyezwa mwilini waliumia upesi kuliko mwanzo. Walipoachwa walale bila bughudha, hali ilitulia. Katika jaribio la baadaye, kunyimwa usingizi wa ndoto hakukuleta dalili hizo.

Mabadiliko katika ubongo

Mwaka 2019 Adam Krause, Matthew Walker na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti wa watu waliokeshwa usiku kucha kisha wakaguswa ngozi kwa joto la kuumiza. Sehemu ya ubongo inayopokea hisia za mwili ilifanya kazi kupita kiasi, huku sehemu zinazopima na kutuliza maumivu zikizorota. Maumivu yalianza kwenye joto la chini kuliko kawaida yao.

Matibabu

Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza tiba ya mazungumzo na mabadiliko ya tabia iwe chaguo la kwanza kwa watu wazima wenye tatizo sugu la kukosa usingizi. Tiba hiyo humfundisha mgonjwa kuamka saa ileile kila siku na kutumia kitanda kwa kulala, si kwa kazi. Mazoezi mepesi ya mara kwa mara husaidia maumivu na usingizi pia. Kuchanganya dawa za usingizi na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini ni hatari, kwani huweza kuzuia pumzi.

Maumivu yanayoambatana na homa, udhaifu wa ghafla au mkojo wa rangi ya kahawia yapelekwe hospitali mara moja. Kwa maumivu ya kudumu, mgonjwa anayeulizwa panapomuuma anastahili kuulizwa pia jinsi anavyolala.