Nyumba ya ufukweni Bagamoyo: Unavyoweza kupigwa kabla ya safari

Picha ni kali: bwawa la kuogelea, minazi, bahari mlangoni. Bei ni nusu ya hoteli ya jirani, na mwenye akaunti ya Instagram anajibu chap. Tatizo ni moja tu, nyumba hiyo haipo. Au ipo, ila anayekupangisha hajawahi hata kuikanyaga.

Picha huibwa kwenye kurasa za hoteli halisi au Airbnb, kisha inawekwa namba ya WhatsApp. Ukiulizia Pasaka, Idi au siku za tamasha la TaSUBa, unaambiwa kuna mteja mwingine anaitaka, "tuma advansi nikushikie". Ikiingia, linakuja la pili: hela ya usafi, au amana ya vitu vitakavyovunjika. Wapo wanaoshtuka hapo. Wengine hulipa yote, wakaja kublokiwa wakiwa wameshapita Mapinga, watoto wamelala kwenye gari.

Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Tapeli analijua hilo, ndiyo maana anawahi: "Litakuja jina la mhasibu wetu." Hata hivyo jina pekee halitoshi kumhukumu mtu, maana wapo wenyeji wanaopangisha nyumba zao kihalali na kupokea hela kwenye laini zao binafsi.

Kinachombana tapeli ni simu ya video. Mwambie atoke nje aonyeshe geti, barabara, bahari, sasa hivi, siyo kesho. Muulize yuko mtaa gani: Dunda? Magomeni? Kaole? Bagamoyo siyo mji mkubwa, bodaboda wa pale stendi anaweza kwenda kuchungulia kwa hela ndogo kuliko advansi yako. Picha zenyewe zipitishe Google Lens. Zikitokea kwenye hoteli ya Mombasa au Bali, achana naye.

Ukishalizwa, muda ndio kila kitu. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa kwa wakala. Usifute chati hata kama zinakuuma kuzisoma: pamoja na meseji ya muamala, ndizo ushahidi wako polisi, ambako kosa hili linaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Chukua RB. Namba ya tapeli iripoti TCRA kwa meseji kwenda 15040.