Malta, Kisiwa Kinachofunga Randan



Sisi tunafunga Ramadhan. Je, wajua kwamba kuna nchi huko Ulaya ambako Wakatoliki, ikifika Kwaresima yao, husema wameingia Randan? Pasaka yao wanaiita Għid, yaani Idd. Krismasi ni Milied, neno la mzizi ule ule uliotupa sisi maulidi. Mungu wanamwita Alla, na katika sala zao humwita Mulej, ndugu wa toka nitoke wa neno letu Mola. Nchi yenyewe ni Malta, na katiba yake yasema wazi kwamba dini ya nchi ni Ukatoliki. Sasa maneno haya yamefikaje huko, na wenyewe waliokuja nayo wako wapi?

Malta ni visiwa vitatu vinavyokaliwa na watu: Malta yenyewe, Gozo na Comino, katikati ya bahari ya Mediterania. Kaskazini, kiasi cha kilomita 90, kuna Sicily. Kusini kuna Libya na magharibi Tunisia. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316 tu, na watu wamezidi nusu milioni. Ilipata uhuru kutoka kwa Mwingereza Septemba 21, 1964, haijatimia hata mwaka baada yetu sisi Kenya, na mwaka 2004 ikaingia Umoja wa Ulaya. Jua linawaka karibu saa 3,000 kwa mwaka, na nyumba zimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali. Watalii humiminika huko kama wanavyomiminika kwetu Diani. Matangazo yatakuonyesha maji ya buluu ya Comino na mashua za wavuvi wa Marsaxlokk zilizochorwa macho kwenye omo, kama yale macho ya majahazi ya Lamu. Picha nyingi za zamani zina tao kubwa la mwamba baharini huko Gozo. Hilo usilitafute. Liliporomoka kwa dhoruba Machi 8, 2017.

Kuna pia mahekalu ya mawe makubwa makubwa yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya mapiramidi ya Misri. Mojawapo laitwa Ħaġar Qim. Hiyo ħ ni ha nzito ya Kiarabu, na ġ yasomwa kama j yetu: hajar, jiwe. Mtoto yeyote wa madrasa aliyesoma habari za Hajar al-Aswad keshalijua neno hilo. Na hivyo ndivyo Malta ilivyo, kila ukipiga hatua neno linakukonyeza. Ghuba ya Għajn Tuffieħa maana yake ni chemchemi ya tufaha. Ufuo wa Ramla huko Gozo ni mchanga tu, ramli ile ile ambayo waganga wetu hudai wanaipiga. Mji wa Żejtun ni zaituni. Marsa ni bandari.

Tuingie sasa kwenye tarikh yenyewe.

Mwaka 870, jeshi la Waaghlabi, waliotawala Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo, liliitwaa Malta kutoka kwa Warumi wa Byzantium. Mwandishi al-Himyari anasimulia kwamba baada ya vita kisiwa kilibaki gofu, hakuna waendao isipokuwa waunda meli, wavuvi na warina asali, mpaka Waislamu walipohamia huko na kuujenga upya mji mwaka 440 Hijria, sawa na 1048 au 1049. Wanahistoria bado wanabishana kama kweli kisiwa kilikuwa kitupu muda wote huo. Lakini kisa anachokitaja baada ya hapo ndicho kilichonivutia mimi. Miaka michache tu baadaye Wabyzantium walirudi na merikebu kukidai kisiwa. Waislamu walijihesabu wakajikuta wachache kuliko hata watumwa wao. Basi wakawaita watumwa wakawaambia: piganeni pamoja nasi, tukishinda mtakuwa huru, tutawaoza binti zetu na tutagawana mali. Wakapigana, adui akashindwa, na ahadi ikatimizwa. Huenda Wamalta wengi wa leo ni wajukuu wa ndoa zile.

Mji uliojengwa upya ndio Mdina, al-Madina. Uko juu ya kilima, umezungukwa na kuta, na vichochoro vyake vimepindapinda ili upepo na jua visipenye moja kwa moja. Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, hatapotea humo. Wakazi wake leo ni mia chache tu na wageni huuita Mji wa Kimya. Jambo moja lisikudanganye: majumba unayoyaona si ya Waarabu. Lango kuu, kwa mfano, lilijengwa mwaka 1724. Kilichobaki cha Waislamu ni jina na ramani ya njia. Nje ya kuta kuna kitongoji cha Rabat. Huko mwaka 1881 yalifukuliwa mabaki ya nyumba ya tajiri mmoja wa Kirumi yenye sakafu za nakshi, na juu ya mabaki hayo wachimbuaji wakakuta makaburi ya Waislamu. Yaliyohesabiwa baadaye ni zaidi ya 200.

Kaburi moja lina jina. Ukivuka kwenda Gozo, ndani ya ngome ya mji wa Victoria kuna jumba la makumbusho, na humo limo jiwe la marumaru lililoandikwa kwa khati ya Kufi. Ni la binti aitwaye Maymuna, mtoto wa Hassan bin Ali al-Hudhali. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 16 Shaaban mwaka 569 Hijria, yaani Machi 1174. Siku kumi na nne hivi zaidi angeuona mwezi wa Ramadhan. Nyuma ya jiwe kuna nakshi ya Kirumi, maana marumaru yenyewe yalikuwa yametumika karne nyingi kabla. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama jiwe lilichongwa hapo Gozo au lililetwa kutoka ng'ambo. Wamalta wenyewe wamemtungia Maymuna hadithi na mashairi, na jina lake wanalijua vizuri.

Itazame tena hiyo tarehe. Roger wa Kwanza, Mnormani wa Sicily, aliivamia Malta mwaka 1091. Hakuwafukuza Waislamu, alichukua kodi na kuwafungua mateka wa Kikristo, akaondoka. Mwanawe Roger wa Pili akarudi kuitia nchi mkononi mwaka 1127. Baada ya hapo Waislamu waliendelea kuishi, kulima na kuzikana kwa zaidi ya miaka mia chini ya wafalme Wakristo. Hapakuwa na siku moja ya msiba ambayo mtu angeweza kuinyoshea kidole. Mambo yalikuwa polepole: huyu amehama, yule amebatizwa apate kubaki na shamba, watoto wa yule wamekua hawajui kibla kiko wapi. Kisha ikaja zama ya mfalme Frederick wa Pili, katika karne ya 13. Waislamu wa Sicily walihamishwa kwa nguvu hadi mji wa Lucera, Italia bara, na Ibn Khaldun anasema wa Malta nao walitendewa vivyo hivyo. Lucera yenyewe ilivunjwa mwaka 1300 na watu wake wengi wakauzwa utumwani.

Waliobaki Malta wakawa Wakristo. Lugha hawakuiacha, na hapa ndipo mimi hushangaa zaidi. Hebu wahesabu pamoja nao: sitta, sebgħa, disgħa, halafu għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, mpaka mija na elf. Bahari ni baħar, dunia ni dinja, asali ni għasel, kaburi ni qabar. Shetani ni xitan, x yao ikiwa sh. Hata kanisa ni knisja na askofu ni isqof, kwa sababu sisi na wao tulichota kisima kimoja.

Lakini tusijidanganye kwamba tuko sawa. Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyopokea maneno ya Kiarabu pamoja na dini. Kimalta shina lake ni Kiarabu chenyewe, kikapokea maneno ya Kiitaliano na herufi za Kilatini, na dini ikaondoka. Kuna vijana wenzangu hudhani kwamba maadamu tunasema inshallah na alhamdulillah kila sentensi, basi Uislamu uko salama mdomoni. Malta wanasema sawm, wanasema ġenna, na msikiti wao wa zamani hata ulipokuwa huwezi kuonyeshwa.

Mji mkuu, Valletta, ni habari nyingine. Ulianza kujengwa mwaka 1566 na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, mwaka mmoja baada ya kuuhimili mzingiro wa Waturuki. Ni mji mzuri, na kanisa lake kuu lina mchoro mashuhuri wa Caravaggio wa mwaka 1608. Waelekezi wa watalii hawachoki kuusimulia mzingiro ule. Wasiyoyasimulia sana ni kwamba Waislamu walirudi Malta wakati huo, safari hii kwa minyororo. Walitekwa baharini wakafungwa kwenye makasia ya merikebu za Mashujaa. Mwaka 1749 watumwa walipanga njama ya kuuteka mji, ikavuja, na wengi wakauawa hadharani. Utumwa ule ulikomeshwa mwaka 1798 alipoingia Napoleon.

Ukipata nafasi, usiishie Valletta. Karibu yake, hapo Marsa, kuna makaburi ya Waislamu yaliyojengwa kwa amri ya Sultani Abdulaziz wa Istanbul na kumalizika mwaka 1874. Msanifu wake alikuwa Mmalta Mkatoliki, Emanuele Luigi Galizia, na aliyapamba kwa minara na hilali utadhani ni kasri. Mbele kidogo, Paola, kuna msikiti wa Mariam al-Batool, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1978 kwa msaada wa Libya. Ndugu wanaoswali hapo wengi wametoka Libya, Syria na Somalia, wengine kwa mashua zilizovuka bahari kwa taabu kubwa. Ramadhan ikiangukia Juni hufunga karibu saa 16. Ukitoka hapo baada ya swala ukamwuliza mzee wa Kimalta dukani leo ni siku gani, atakujibu bila kufikiri: il-Ġimgħa.