Ukakasi wa Chai

Mwaka 1920 Tsujimura Michiyo alibisha hodi Chuo Kikuu cha Kifalme cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, akitaka kufanya utafiti. Chuo hakikuwa kikipokea wanafunzi wa kike. Akaruhusiwa kuwa msaidizi wa maabara, tena bila mshahara, akapewa kazi ya kuchunguza lishe ya viwavi wa hariri. Miaka miwili baadaye alihamia Tokyo. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi la Kanto likaiharibu maabara yake, naye akaangukia katika taasisi ya utafiti ya RIKEN, chini ya Suzuki Umetaro, mkemia aliyekuwa ameonyesha kuwa pumba za mchele zina kitu kinachozuia ugonjwa wa beriberi.

Huko ndiko alikoanza kuichunguza chai.

Imani kwamba chai ni dawa haikuwa ngeni. Mtawa Eisai aliiandikia kitabu kizima mwaka 1211, na inasimuliwa kuwa alimpelekea shoguni (mtawala wa kijeshi) Minamoto no Sanetomo kikombe cha kumtoa uchovu wa pombe ya jana yake. Lakini mengi yaliyomo ndani ya jani yalikuwa bado hayajajulikana. Mwaka 1924 Tsujimura na mwenzake Miura Seitaro waligundua vitamini C katika chai ya kijani. Mwaka 1929 akafanikiwa kuitenga katekini, kemikali ya jamii ile inayoleta ukakasi mdomoni, ikiwa katika umbo la fuwele. Tasnifu yake juu ya kemia ya chai ya kijani ilimpa udaktari mwaka 1932; hakuna mwanamke Mjapani aliyemtangulia kupata shahada hiyo katika kilimo.

Katekini iliyo nyingi zaidi katika chai ya kijani ni epigalokatekini galati. Ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu; kubwa huteremka hadi utumbo mpana, kwenye makao ya bakteria. Kwa dawa nyingine hiyo ingekuwa kasoro. Hapa ndiyo iliyowavutia watafiti wa unene. Panya wa maabara wakilishwa mafuta mengi, bakteria wao huvurugika, maungio ya ukuta wa utumbo hulegea, na masalia ya bakteria hupenya hadi kwenye damu na kuzusha uvimbe. Katika majaribio kadhaa, panya waliopewa kemikali hiyo waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao, na kuta za matumbo yao zikahimili zaidi. Ila panya si mtu. Wanaokimbilia vidonge vya chai ya kijani wakumbuke pia onyo la mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya la mwaka 2018: miligramu 800 au zaidi za kemikali hiyo kwa siku kutoka kwenye vidonge huweza kuleta dalili za awali za madhara kwa ini.

Na chai ya Afrika Mashariki, iliyopandwa Limuru, Kenya, tangu 1903? Sehemu kubwa hukatwa, huchanwa na kusokotwa na mashine, kisha huachwa ichache. Hewa na vimeng'enya vya jani huzigeuza katekini nyingi kuwa theaflavini na thearubijini, ndiyo ile rangi nyekundu ya chai ya rangi. Mwaka 2011 watafiti wa Kericho walitoa aina ya zambarau, TRFK 306, yenye kwa wingi anthosiani, kemikali zinazoipa rangi hiyo. Nazo huharibika jani likichacha, kwa hiyo anayezitaka hulipasha jani joto mapema, kabla vimeng'enya havijaanza kazi.