Nauli ni Sehemu ya Tiba: Saratani na Safari ya Bugando kutoka Shinyanga na Geita

Daraja la John Pombe Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Wagonjwa kutoka Geita wanaokwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza waliondokana na adha ya kusubiri kivuko. Daraja limepunguza muda wa safari, lakini gharama bado iko mikononi mwa mgonjwa, na hoja ya makala haya inahusu gharama hiyo. Nauli ya mgonjwa wa saratani ni sehemu ya tiba yake. Inapaswa kuandikwa na daktari, kupangiwa bajeti na kulipwa kama dawa zinavyolipwa. Ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga na Geita tayari una utaratibu na chanzo cha fedha cha kuifanya kazi hiyo.

Tuanze na hesabu. Kahama, mkoani Shinyanga, na Mwanza zinaachana kwa umbali usiopungua kilomita 250 kwa barabara ya Shinyanga. Kwa kiwango kilichotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwishoni mwa 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, nauli ya mtu mmoja kwenda tu inazidi shilingi 12,000. Mgonjwa aliyedhoofika hasafiri peke yake, kwa hiyo yeye na msindikizaji wake, kwenda na kurudi, wanahitaji zaidi ya shilingi 48,000. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Yaani safari moja ya kliniki inagharimu zaidi ya bima hiyo ya mwaka ya familia nzima, na hapo hatujahesabu bodaboda ya kutoka kijijini hadi barabara kuu, ambayo bei yake ni ya maelewano na hupanda mvua inaponyesha, wala chakula, wala gesti.

Tiba yenyewe haiishii kwenye safari moja. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, hutolewa siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, kisha hufuata mionzi ya ndani, na tiba yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8 hivi. Siku zinapopitiliza, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua. Mama aliyekatiza mionzi katika wiki ya tatu kwa sababu fedha zimekwisha hawezi kurudi baada ya mavuno na kuendelea alipoishia, kwa kuwa seli zilizobaki zimepata nafasi ya kukua tena. Faili lake huenda likaandikwa kwamba ameacha matibabu. Kauli hiyo inamtwika lawama mtu ambaye hakuacha chochote kwa hiari yake.

Kwa wanaotibiwa kwa dripu za dawa, mahudhurio mara nyingi ni kila baada ya siku 21, na hapa kuna hasara ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kabla ya dripu lazima damu ipimwe. Chembe nyeupe zikiwa chini, mgonjwa huambiwa arudi wiki ijayo. Uamuzi huo ni sahihi kabisa kitabibu, ila yeye ameshauza mbuzi au amekopa ili afike. Kipimo cha picha kamili ya damu hakihitaji Bugando. Kinaweza kufanyika Kahama, Geita au Shinyanga siku mbili kabla, majibu yakatumwa kwa simu, na daktari wa Mwanza akaamua kama mgonjwa apande basi au abaki nyumbani. Katika mjadala wote wa usafiri nafuu, sioni hatua yenye faida ya haraka kuliko hii ya kuzuia safari za bure.

Lipo pia suala la heshima. Saratani ya mlango wa kizazi iliyochelewa hutoa damu na majimaji yenye harufu. Mwanamke mwenye hali hiyo hukaa saa nyingi kwenye kiti cha basi akiogopa kusimama, akiwaona abiria wenzake wakifungua madirisha. Wengine huamua kutosafiri tena, hata nauli ikiwepo. Kwa hiyo mpango wa usafiri unaohesabu shilingi peke yake utawakosa wagonjwa hawa. Wanahitaji gari dogo, au kiti kilichotengwa na dereva aliyeelezwa mapema.

Je, tuanze kutoka sifuri? Hapana. Mfumo wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, ulijaribiwa kwanza Sengerema na mkoani Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Mratibu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa imeonyesha mapema kwamba nauli inaweza kulipwa kwa simu, kwa wanawake wenye fistula: fedha za nauli zilitumwa kwa M-Pesa kwa balozi wa kujitolea, naye akamnunulia mgonjwa tiketi. Mwanamke ambaye asingeweza kulipa akafika. Kama mfumo umeweza kumpata dereva usiku wa manane kwa uzazi usiotabirika, safari ya saratani inayojulikana tarehe yake wiki tatu kabla ni rahisi zaidi kuipanga, na gari moja linaweza kukusanya wagonjwa wa Kakola, Kahama na Shinyanga kwa siku moja.

Mifano ya nje inasaidia kwa kiasi. Marekani, shirika la saratani la nchi hiyo hutumia watu wanaojitolea kuwapeleka wagonjwa kwa magari yao binafsi, jambo gumu mahali ambapo chombo cha kawaida cha familia ni baiskeli. Uingereza hurejesha nauli kwa wagonjwa wa kipato cha chini. Wazo ni jema, lakini kurejesha kunadai mtu awe nazo kwanza. Huku fedha lazima zitangulie safari.

Wapo watakaosema ni afadhali tuzisogeze huduma karibu na watu. Nakubaliana nao kuhusu uchunguzi, dripu na dawa za maumivu, ambazo hospitali za mikoa zinaweza kuzitoa zikipewa wataalamu na dawa. Mashine ya mionzi ni jambo jingine: inahitaji chumba chenye kuta nene za zege, mafundi na wanafizikia tiba, watu ambao hawapatikani kwa mwaka mmoja. Mgonjwa wa leo hawezi kusubiri ujenzi.

Fedha nazo zipo. Madini yanapouzwa, halmashauri hupata ushuru wa huduma, na Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inazitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaoidhinishwa na halmashauri. Mipango hii hupenda majengo, kwa sababu jengo huzinduliwa na kuwekewa jiwe la msingi. Tiketi ya basi haina sherehe. Lakini ukanda huu una deni la pekee: vumbi la silika linalotoka kwenye mwamba unaosagwa lilitambuliwa mwaka 1997 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kuwa linasababisha saratani ya mapafu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa mkoani Geita, ambaye mara nyingi ametoka mkoa mwingine na hana ndugu wa kumsindikiza, ndiye anayelivuta.

Vijijini kwetu vikundi vya kufa na kuzikana huchangisha fedha za kumrudisha marehemu nyumbani, na michango hukamilika kwa siku moja. Uwezo huo wa kuchangishana unaweza kubeba bodaboda ya kutoka kijijini hadi kituo cha basi. Sehemu ndefu ya safari ibebwe na halmashauri. Naanza na pendekezo dogo: halmashauri za Msalala, Kahama na Geita ziingize katika bajeti ijayo nauli na malazi ya wanawake wote wanaopewa rufaa ya mionzi, fedha zilipwe moja kwa moja kwa dereva, basi au nyumba ya kulala, na Bugando itoe kila mwezi orodha ya waliokatiza tiba pamoja na wilaya wanazotoka, ili kila baraza la madiwani lijue wagonjwa wake wangapi wamekwama njiani.