Homa Isiyo Homa

Waingereza wana maradhi wayaitayo kwa lugha yao homa ya nyasi kavu. Nayo si homa, wala nyasi kavu si asili yake. Mgonjwa hupiga chafya mfululizo, macho humwasha, kamasi jepesi humtiririka, kisha pua huziba. Utando wa ndani ukivimba, hufunga vijia vya kwenda katika uwazi wa mifupa ya uso, na mfereji uunganishao koo na sikio. Ndipo kichwa huwa kizito, na sikio likasikia kwa mbali.

Waajemi waliyajua zamani. Tabibu ar-Razi, aliyefariki katika karne ya 10, aliandika juu ya mtu aliyeshikwa na mafua kila majira ya mawaridi. Walakini huko London habari zake zilipata kuelezwa vema mwaka wa 1819, na John Bostock, tabibu aliyejieleza mwenyewe, maana aliugua hivyo kila mwaka tangu utoto. Watu wa kawaida walisema ni harufu ya nyasi zilizokatwa. Bostock hakukubali; alishika kwamba ni joto la jua. Basi wote wawili walikosa, na tukipima, naona watu wa kawaida walikosa kidogo kuliko tabibu, kwa kuwa walau waliitazama mimea.

Aliyekata shauri ni Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa vilevile. Alijitia puani unga wa maua, yaani chavua, hata wakati wa baridi ambapo hakuna nyasi zichanuazo, na maradhi yakamjia. Alijikwaruza ngozi akaupaka, ngozi ikavimba. Alitega vioo vyenye utomvu ili kuhesabu chembe zipeperukazo, akavirusha hata kwa tiara juu angani. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1873. Jambo moja lilimshangaza, nasi latushangaza: wakulima, wakaao katikati ya unga huo, waliugua kwa nadra kuliko watu wa mjini wenye elimu.

Kwa nini chembe isiyo na sumu imdhuru mtu huyu na kumwacha jirani yake? Mwaka wa 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna alitunga neno kwa hali hiyo, akaunganisha maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya "nyingine" na "kazi": mwili ufanyao kazi kwa namna nyingine. Leo twajua kwamba mwili hujitengenezea askari dhidi ya kitu kisicho adui, na mapigano yao ndiyo ugonjwa.

Kiswahili hakikuhitaji kwenda Uyunani. Mzio ni neno la kale, la kitu, hasa chakula, ambacho fulani hali, ama kwa kuwa ni mwiko kwake, ama kwa kuwa humdhuru. Na siku hizi matabibu wetu walitumia kwa maradhi haya. Ni mzio wa mtu fulani, si wa watu wote. Na hilo ndilo Bostock alilolikosa alipolishitaki jua, ambalo huwaangaza wote.