Fundo la Likasi: Kamali, Nyota na Swali la Kipimo

Ukitoka Likasi ukashika mashariki moja kwa moja, bila kupinda kaskazini wala kusini, utapita kwenye maji ya Bangweulu nchini Zambia, utavuka Ziwa Nyasa, utakata kusini mwa Tanzania na kona ya kaskazini-mashariki ya Msumbiji, na baada ya kilomita zipatazo 1,500 utatokea Bahari ya Hindi, kati ya Rasi Delgado na Mocímboa da Praia. Mji wetu wa shaba uko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na kipande kile cha pwani vilevile. Kwa mwenye kusoma nyota, sehemu hizo mbili hazina tofauti: kila nyota hufika kwenye kimo kilekile juu ya upeo, hapa na kule.

Naanzia hapo kwa kuwa makala hii inahusu chombo cha baharini kilichotengenezwa mbali kabisa na bahari. Chombo chenyewe ni kamali. (Jina linakaribiana vibaya na kamari, ila asili yake ni ule mzizi wa Kiarabu uliotupa pia "kamili".) Ni kibao cha mstatili chenye tundu katikati, na uzi wenye mafundo uliopitishwa tunduni. Baharia huuma fundo, hunyoosha uzi ukakazika, kisha huweka ukingo wa chini wa kibao kwenye mstari wa maji na mbingu. Nyota ikigusa ukingo wa juu, jahazi limefika kwenye latitudo ya fundo lile. Mara nyingi historia ya ubaharia huisimulia kamali kama babu wa sekstanti: kipimo cha pembe, lakini hafifu. Nadai kwamba uainishaji huo umekosea aina ya chombo. Kamali iliyofungwa mafundo ya bandari hutambua mahali palipokwisha kufikiwa, na kazi hiyo ina sheria zake za usahihi.

Maandishi yapo, ingawa yametawanyika. João de Barros, aliyeanza kuchapisha tarikhi yake ya Wareno mwaka 1552, anasimulia kwamba rubani Mgujarati aliyepatikana Malindi mwaka 1498 hakushangazwa na astrolabu ya Vasco da Gama; kwao, alisema, walitumia kifaa cha mbao tatu. Barros anamwita Malemo Cana, na hiyo "Malemo" ni mwalimu wetu huyuhuyu, kwa kuwa mu'allim ndicho kilichokuwa cheo cha msoma nyota melini. Simulizi maarufu kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid wa Julfar, baharia aliyeandika juu ya urubani, wanahistoria wengi hawaikubali tena. Mwaka 1836 James Prinsep, mpima madini wa kiwanda cha sarafu cha Calcutta, alichapisha maelezo ya kamali ya mabaharia Waarabu: kibao kidogo cha pembe ya mnyama na uzi wa mafundo tisa. Sisi wa Likasi, ambao maabara za kupima shaba ni sehemu ya mji, tunaweza kumwelewa kwa nini mtu wa kazi ile alivutiwa na kitu kidogo vile.

Kibao changu nilikikata kwenye kipande cha mulombwa kilichobaki kwa seremala wa jirani. Mabaharia walihesabu kimo cha nyota kwa vidole, isba kwa Kiarabu, na kidole kimoja ni wastani wa nyuzi 1 na dakika 36. Ukiweka kibao sentimita 60 kutoka kwenye jicho, kidole hicho ni upana wa milimita 17, yaani karibu kidole chenyewe cha mtu mzima. Nyota ya Kaskazini, waliyoiita Jah, haionekani Likasi, imezama chini ya upeo. Mabaharia walioshuka kuelekea Kilwa na Sofala nao waliipoteza, na Ibn Majid anaeleza jinsi ya kuhamia kwenye Farqadani, nyota mbili zinazoizunguka ncha ya kaskazini ya mbingu. Iliyo angavu kati yake, Kochab, hufika hapa kwetu kwenye kimo cha nyuzi 5 tu, yaani vidole vitatu na ushei. Kwa hesabu hiyo kibao kilihitaji kimo cha milimita 52 na robo. Nilipiga randa, nikapiga msasa, nikapima tena. Milimita moja ikizidi, umehama kilomita 10 na zaidi.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita, baridi ya Katanga ikiwa imekolea, nilikwenda na wanafunzi wawili kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Tulichagua usiku wenye mwezi, maana bila mwanga mstari wa maji hauonekani. Mvuvi aliyekuwa akikunja nyavu alitutazama tukiuma uzi na kukodolea macho kaskazini, akauliza: "Papa mwalimu, hii kibao ni ya kupima samaki?" Baada ya saa tatu kidogo Kochab ilifika juu kabisa ya njia yake, hafifu katika moshi wa nyika. Fundo nililolifunga nyumbani kwa hesabu lilikuwa sentimita 60. Fundo nililolifunga pale, kwa jicho, liliangukia sentimita 57 na nusu. Katika urefu huo, sentimita moja ya uzi ni kilomita 9 za safari. Kwa hiyo mafundo mawili ya mahali pamoja yalitofautiana kwa zaidi ya kilomita 20. La mwanafunzi mmoja lilitofautiana na langu kwa milimita 6.

Nani alikosea? Nilidhani ni mimi, hadi nilipozitafuta sababu. Hewa hupinda mwanga wa nyota iliyo karibu na upeo. Katika kimo cha nyuzi 5 huiinua nyota kwa dakika 10 hivi, sawa na kilomita 18. Uzi hupimwa kutoka menoni, lakini nyota huonwa na jicho, lililo juu ya meno na nyuma yake kidogo, na nyuso hazifanani. Ng'ambo ya ziwa nayo si mstari safi: kuna matete, na nyuma yake miti. Fundo la hesabu halikujua lolote kati ya hayo. Fundo la ukingoni lilikuwa limeyameza yote, hewa, uso wangu na matete, na nikirudi ukingoni palepale nitaikuta nyota mahali pake. Makosa yanayojirudia kwa namna ileile hayamdhuru mwenye kutambua. Humdhuru mwenye kupima ili ampe namba mtu mwingine. Ndiyo maana kuihukumu kamali ya bandari kwa hitilafu ya nyuzi ngapi ni kuiuliza swali la sekstanti.

Nyota zenyewe hazitulii. Kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole, Kochab imesogea mbali na ncha kwa nyuzi 2 na ushei tangu zama za Ibn Majid. Fundo la mwaka 1490, hata lingehifadhiwa bila kunyauka, leo lingempotosha nahodha kwa zaidi ya kilomita 200. Katika miaka 30 tu, muda wa baba kumwachia mwana chombo, tofauti hufika kilomita 13. Uzi ulilazimika kufungwa upya bandarini, na mtu aliyeko bandarini. Kamali iliyowekwa kwenye kabati la vioo la makumbusho ni sahihi kwa umbo, na mafundo yake ni ya mbingu nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Ibn Majid aliandika vimo vya nyota vya bandari nyingi kwa vidole, kwa hiyo namba huru, isiyotegemea uso wa mtu, ilikuwepo. Nakubali. Kidole kilimwezesha mwalimu kumfundisha asiyewahi kufika Sofala, na kupanga bandari kutoka kaskazini hadi kusini kichwani. Lakini mwandishi huyohuyo hachoki kudai tajriba, uzoefu wa aliyekwenda mwenyewe. Nionavyo, namba ilimleta baharia karibu, na fundo likamaliza kazi; zile kilomita 20 za ukingoni ndizo upana wa pengo lililokuwa kati yao. Longitudo kamali haikuigusa kabisa. Hiyo ilikadiriwa kwa zam, safari ya saa tatu, neno ambalo limebaki kwetu kama zamu, na viwandani watu huingia na kutoka kwa zamu bila kuisikia bahari ndani yake.

Uzi wangu sasa una mafundo mawili. Mwanafunzi yule aliyetofautiana nami aliuliza lipi niliandike kuwa ni la Likasi. Nilimpa kibao, aume mwenyewe. Alisogeza kidole kwenye uzi, akapita la hesabu, akapita langu, akafunga la tatu.