Mlinzi wa Mkate: Asili ya Neno «Lord»

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomtaja mkubwa, machache yameficha asili yake kama «lord». Neno hili, ambalo leo hutumika kwa Mungu, kwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la Uingereza na, likiambatana na neno la ardhi, hata kwa mwenye nyumba ya kupangisha, lilianzia jikoni. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa «hlaford», ufupisho wa «hlafweard»: «hlaf», yaani mkate, na «weard», yaani mlinzi. Mwenzake wa kike alikuwa «hlæfdige», mkandaji wa mkate, ambaye jina lake limekuwa «lady». Sauti zilimomonyoka karne baada ya karne (hlaford, laverd, lord), hata msemaji asisikie tena mkate ndani ya neno. Maana nayo ilipanuka: katika shairi moja la kale, mke anayemlilia mumewe aliye mbali humwita «hlaford», kama vile Kiswahili kinavyomwita mume «bwana».

Asili hii huwapendeza wale wanaotaka kumsifu mtawala kuwa ni mlishaji wa watu. Sifa hiyo yafaa kupimwa kwa neno la tatu la ukoo huohuo, ambalo hutajwa mara chache: «hlafæta», mla mkate, yaani mtu aliyeishi chini ya mwingine na kula kwake. Neno hilo limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 7, ingawa nakala iliyosalia ni ya karne ya 12. Aliyemwua mla mkate wa «ceorl», mtu huru wa kawaida, alitozwa shilingi 6. (Jina la sarafu hiyo ndilo lililofika baadaye Afrika Mashariki.) Sheria hizohizo zinataja shilingi 100 kuwa fidia ya kawaida ya uhai wa mtu. Tena, shilingi 6 ndizo alizostahili «ceorl» yeyote ambaye ulinzi wake umevunjwa. Basi aliyeuawa ni mla mkate, lakini kinachohesabiwa ni heshima iliyojeruhiwa ya mwenye mkate.

Na unga ulitoka wapi? Sheria zinajibu bila kukusudia. Aliyelala na kijakazi wa mfalme wa daraja la kwanza alilipa shilingi 50. Kwa kijakazi msagaji, 25. Kwa yule wa daraja la tatu, 12. Msagaji ametajwa kwa kazi yake, kisha akawekewa bei. Kwa hiyo «mlinzi» katika «hlafweard» asieleweke kuwa mtoaji tu: aliyelinda mkate ndiye aliyeamua nani ale, na mara nyingi mkate huo ulipitia mikono ya watu wasio huru.

«Lord» na «lady» yamedumu hadi leo katika vyeo vya Uingereza. «Hlafæta» lilikufa pamoja na Kiingereza cha kale.